Vikosi vya Mawasiliano Jeshini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hurudi kila mazungumzo yanapogusa redio za jeshi. Wanaouliza ni vijana wanaofikiria kujiunga, wazazi wao, wapenzi wa historia ya vita, na raia aliyeona gari lenye antena ndefu likipita akajiuliza lina kazi gani. Hakuna siri ya jeshi lolote hapa, kila kilichoandikwa kinajulikana hadharani. Jambo likiwa limeelezwa kwingine, utaelekezwa huko.

## Mambo ya msingi

Kikosi cha mawasiliano kinafanya kazi gani hasa?

Kinamwezesha kamanda kusema na kusikia. Habari za walio mbele zimfikie, na amri yake iwafikie wao, upesi, bila kupotoshwa, na bila adui kufaidika nazo. Mambo hayo matatu huvutana. Ukitaka upesi, unashawishika kusema wazi bila kusimba, yaani bila kuficha maneno kwa msimbo. Ukitaka siri, unachelewa. Ukitaka kila kitu kieleweke hadi mwisho, unarefusha maneno na kumpa adui muda wa kukutafuta. Ufundi wa askari wa mawasiliano ni kujua, kwa ujumbe huu na kwa saa hii, kipi kipewe uzito.

Kwa vitendo, kazi ni nyingi: kusimika redio na antena, kutandaza waya na mkonga, kuendesha mitambo ya setilaiti, kugawa masafa na majina ya kuitana, kutunza funguo za usimbaji, kutengeneza kilichoharibika, na pale yote yanaposhindikana, kumpandisha mtu pikipiki na bahasha mkononi. Kikosi cha mawasiliano cha jeshi la Uingereza, kilichoundwa mwaka 1920, kina kaulimbiu ya Kilatini, *Certa Cito*, yaani uhakika na upesi. Maneno mawili, na ugumu wote wa kazi umo humo.

Mbona jeshi lisitumie simu za mkononi kama watu wengine?

Simu ya mkononi haifiki popote bila mnara. Mnara nao unahitaji umeme, mkonga na watu wa kuuhudumia, na vita vikianza hivyo ndivyo huharibika mapema. Mara nyingi pia mahali pa mapigano hapakuwa na mnara tangu mwanzo. Jeshi halina budi kwenda na mtandao wake mgongoni na kwenye magari.

Kuna sababu nyingine ambayo husahaulika, nami naiona kubwa kuliko zote. Simu huunganisha watu wawili. Redio ya kijeshi huunganisha wote walio kwenye mtandao mmoja. Kamanda wa platuni ya kwanza akiripoti kwamba daraja limevunjwa, wa pili na wa tatu wamesikia papo hapo na wameshaanza kubadili njia kabla ya kuambiwa. Kusikia wenzako wanavyoendelea ni nusu ya faida ya redio.

Hatari za simu kwa upande wa usiri zimeelezwa katika swali la simu binafsi, sehemu ya "Adui anaposikiliza".

Kwa nini majeshi mengine huviita vikosi vya "ishara"?

Kwa sababu vilianza na ishara za kuonekana kwa macho. Nchini Marekani kazi hii ilianza rasmi mwaka 1860 chini ya Albert James Myer, daktari wa upasuaji jeshini, aliyebuni namna ya kutuma herufi kwa kupunga bendera moja kushoto na kulia mchana, na mwenge usiku. Mwaka 1869 Mwingereza Henry Mance akabuni heliografu, kioo kinachomulika jua kwa mwako mfupi na mrefu kufuata alfabeti ya Morse. Katika nchi kavu yenye vilima, kioo kidogo kiliweza kuonekana umbali wa makumi ya kilomita, bila waya na bila betri. Wingu likitanda, mazungumzo yamekwisha.

Telegrafu ya waya ilikuwa imeshaingia vitani kabla ya hapo, kwenye Vita vya Crimea katika miaka ya 1850. Redio ikafuata mwanzoni mwa karne ya 20. Vifaa vikabadilika, jina likabaki.

Askari wa mawasiliano anapigana, au anakaa nyuma na mitambo?

Inategemea yuko wapi. Opereta wa kombania hutembea hatua mbili nyuma ya kamanda wake, amebeba silaha kama wenzake na redio juu yake. Antena inayochomoza begani humwambia mdunguaji mambo mawili kwa pamoja: huyu hapa ndiye mwenye redio, na anayetembea karibu naye ndiye mwenye amri. Ndiyo maana opereta mzoefu huikunja antena na kuifunga kwenye begi hadi atakapoihitaji.

Aliye makao makuu ya brigedi hufanya kazi ndani ya hema au gari, kwa zamu, usiku na mchana. Hali ya huko ni tulivu zaidi, lakini makao makuu ndiyo shabaha ambayo adui huitafuta kwa bidii kubwa, na huitafuta kwa kufuata mawimbi yake. Kwa hiyo mafunzo ya awali ya kijeshi ni yale yale kwa wote.

Kila ngazi ina watu wake wa mawasiliano?

Karibu kila jeshi, ndiyo. Kwenye seksheni na platuni, askari wa kawaida hupewa redio ndogo na kufundishwa kuitumia. Batalioni huwa na platuni yake ya mawasiliano, brigedi na divisheni huwa na kombania au kikosi kamili, na juu kabisa kuna vikosi vinavyoendesha mtandao wa jeshi zima.

## Vifaa na namna vinavyofanya kazi

Kwa nini kuna redio za aina nyingi? Isingetosha moja?

Mawimbi hayana tabia moja. Masafa mafupi, kati ya megahezi 3 na 30, yanaweza kurushwa angani yakagonga ayonosfia, tabaka la juu la angahewa, na kurudi chini mamia au maelfu ya kilomita mbali. Gharama yake ni mikwaruzo, sauti inayopanda na kushuka, na uwezo mdogo wa kubeba data. VHF, masafa yaliyo juu ya hayo, hutoa sauti safi, lakini husafiri karibu kwa mstari ulionyooka na kuishia upeo wa macho. Redio nyingi za askari wa miguu na magari hutumia megahezi 30 hadi 88. UHF, yaliyo juu zaidi, hubeba zaidi, hutumika sana kuzungumza na ndege na setilaiti, na huzuiwa na vikwazo kwa urahisi zaidi.

Setilaiti hufika kokote, ila ina masharti yake. Ile inayoonekana kama imesimama juu ya ikweta iko kilomita 35,786 kutoka ardhini. Sauti ikipanda na kushuka hutumia takribani robo ya sekunde, kwa hiyo kati ya swali na jibu kuna nusu sekunde ya ukimya. Asiyezoea hudhani hajasikika, anarudia, na wote wawili wanaanza kuongea kwa pamoja.

Redio ni nzuri, nguvu ipo, mbona hatusikiani?

Mara nyingi tatizo ni antena. Chukua askari wawili wa VHF kwenye uwanda, antena za wote zikiwa mita 2 kutoka ardhini. Kwa hesabu ya upeo wa redio, wanaweza kufikiana kama kilomita 12 hivi, na hapo hakuna mti wala kichuguu. Sasa mmoja aipandishe antena yake hadi mita 10 kwa mlingoti au juu ya mti. Umbali unafika karibu kilomita 19. Hakuongeza hata wati moja.

Urefu wa antena nao una hesabu yake. Gawa 300 kwa masafa katika megahezi, unapata urefu wa wimbi kwa mita. Kwa megahezi 50 wimbi ni mita 6, na robo yake, mita moja na nusu, ndiyo fimbo unayoiona kwenye gari. Kwa megahezi 5 wimbi ni mita 60, na nusu yake ni mita 30 za waya. Ukiona askari amefunga jiwe kwenye kamba anarusha juu ya tawi, anarudia mara tano hadi lipite panapofaa, basi anatafuta mita hizo 30. Dakika hizo kumi za kurusha jiwe ndizo zitakazoamua kama usiku huo kutakuwa na mawasiliano.

Mlima ukiwa katikati, inakuwaje?

Kuna njia tatu. Ya kwanza ni kuweka kituo cha kupokezana juu ya mlima, chenye watu au cha kujiendesha. Kituo hicho kina thamani kubwa, na adui akikiona atakifuata. Ya pili ni setilaiti.

Ya tatu naipenda kwa sababu inategemea akili tu. Unatandaza waya wa masafa mafupi ukiwa umelala, mita chache tu kutoka ardhini. Wimbi linapanda karibu wima, linagonga ayonosfia na kumwagika kama maji ya bafu juu ya eneo la mamia ya kilomita, mabonde yote yakiwemo. Mchana hutumika masafa ya juu kidogo, usiku unashuka, kwa sababu ayonosfia hubadilika jua linapozama. Opereta asiyejua hilo hupoteza mawasiliano kila jioni na kulaumu redio.

Je, waya bado una kazi?

Sana. Waya hautoi mawimbi ya kukutambulisha angani na haukwamishwi kwa mtambo wa mbali. Kwenye ngome au makao yanayokaa mahali kwa siku kadhaa, waya na mkonga ndiyo njia bora. Ubaya wake ni kwamba hukatika. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia mizinga ilikata nyaya za simu kila saa, na kazi ya fundi wa laini ilikuwa kutoka kwenye handaki, kushika waya mkononi, na kuufuata gizani chini ya makombora hadi kwenye mkato. Wengi walikufa wakiwa na koleo mkononi.

Waya pia haukuwa na siri kama walivyodhani. Simu za wakati ule zilitumia waya mmoja na ardhi yenyewe kurudishia umeme. Wajerumani wakachomeka vyuma ardhini karibu na mstari wa mbele na kusikiliza mazungumzo ya Waingereza yakivuja kupitia udongo. Mwaka 1915 ofisa mmoja Mwingereza, A. C. Fuller, akabuni kifaa kilichotumia mkondo mdogo sana wa umeme ambao haukunaswa kwa njia hiyo.

Na njiwa na matarishi, ni hadithi tu?

Ni kweli tupu. Mwezi Oktoba 1918, katika msitu wa Argonne nchini Ufaransa, askari wa Marekani waliozingirwa walikuwa wakipigwa na mizinga ya upande wao wenyewe. Njiwa aitwaye Cher Ami alifika na ujumbe wao akiwa amejeruhiwa kifuani na mguu ukining'inia. Tarishi wa pikipiki yeye hajastaafu: bahasha iliyofungwa haitoi wimbi lolote.

## Lugha ya redioni

Kwa nini wanazungumza kwa namna ile ya ajabu?

Kwa sababu kwenye mtandao mmoja ni mtu mmoja tu anayeweza kusema kwa wakati mmoja, na anayesikiliza huenda amelala kifudifudi kwenye matope, sauti ya injini masikioni. Mazungumzo mazuri huwa hivi:

"Simba Mbili, hapa Simba. Leta taarifa. Ova."

"Simba, hapa Simba Mbili. Magari matatu, daraja la kusini, yanaelekea mashariki. Ova."

"Simba. Roja. Auti."

Jina la anayeitwa hutangulia ili azinduke, kisha jina la anayeita. "Ova" maana yake nimemaliza, nangoja jibu. "Auti" maana yake nimemaliza, singoji jibu. Kwa hiyo ile "ova na auti" ya kwenye sinema ni kumwambia mtu ajibu na asijibu kwa pumzi moja. "Roja" nayo inasema tu kwamba ujumbe umepokelewa wote. Haimaanishi "nakubali" wala "nitatekeleza".

Ni kweli opereta hakatazwi kuuliza tena, ila anakatazwa neno "rudia"?

Ndiyo, katika majeshi yanayofuata utaratibu wa Kiingereza wa redio. Huko neno la "rudia" ni amri ya mizinga: piga tena pale pale, kwa idadi ile ile. Opereta asiyesikia vizuri akilitumia kwenye mtandao wa mizinga, anaweza kuita makombora mengine mahali ambapo wenzake wameshaingia. Badala yake husema "sema tena". Jeshi linalotumia lugha nyingine huwa na maneno yake, lakini kanuni ni moja: neno la moto lisitumike kwa jambo jingine lolote.

Alfa, Bravo, Charlie zilitoka wapi?

Herufi nyingi hufanana zikisikika kwenye mikwaruzo: B na D, M na N. Orodha inayotumika leo ilianza kazi mwaka 1956 baada ya maneno kujaribiwa kwa wasemaji wa lugha mbalimbali. Majina ya mahali na namba za ramani hutajwa herufi kwa herufi, tarakimu kwa tarakimu. Tarakimu moja ikikosewa kwenye namba ya ramani, kombora huangukia kijiji.

Ujumbe ukiwa mwingi, upi hutangulia?

Mtumaji ndiye huupa ujumbe daraja. Kwa kawaida madaraja ni manne: wa papo hapo, wa haraka, wa kipaumbele na wa kawaida. Taarifa ya kukutana na adui ghafla hukata ujumbe wowote mwingine katikati. Hesabu ya sare na viatu husubiri hadi usiku. Ugonjwa wa makao makuu mengi ni kila ofisa kuuona wake kuwa wa haraka, na ujumbe wote ukiwa wa haraka, wa dharura ya kweli unakaa kwenye foleni na mingine. Ofisa wa mawasiliano anapaswa kuwa na ujasiri wa kumwambia mkubwa wake, "Afande, huu utasubiri."

Mawasiliano yakikatika kati ya vikosi viwili, kosa la nani?

Kuna kanuni ya zamani inayofuatwa na majeshi mengi. Wa juu anawajibika kumfikia wa chini yake. Anayesaidia anawajibika kumfikia anayesaidiwa, mathalani kikosi cha mizinga kwa kikosi cha miguu. Kwa majirani walio sawa, wa kushoto humtafuta wa kulia. Yakishakatika, kila mmoja anahangaika kuyarudisha bila kungoja mwenzake aanze.

## Adui anaposikiliza

Adui anaweza kweli kujua mengi kwa kusikiliza tu?

Mwezi Agosti 1914, majeshi mawili ya Urusi yaliingia Prussia Mashariki. Baadhi ya amri zao zilitumwa kwa redio bila kusimbwa. Wajerumani walizinasa, wakajua jeshi la kusini litakwenda wapi na kwamba la kaskazini halitawahi kulisaidia, wakageuza karibu nguvu zao zote kwa lile la kusini. Hayo ndiyo mapigano ya Tannenberg, na makumi ya maelfu ya askari wa Urusi walitekwa.

Katika jangwa la Afrika Kaskazini, Jenerali Rommel wa Ujerumani alikuwa na kombania ya kunasa mawasiliano, namba 621, iliyomsomea Waingereza kupitia uzembe wao wa redioni. Mwezi Julai 1942 Waaustralia waliiteka kombania hiyo huko Tel el Eisa. Karatasi zilizokutwa ziliwaonyesha Waingereza makosa yao wenyewe, yakiwa yameandikwa kwa mpangilio mzuri. Wakabadili taratibu, na Rommel akapoteza sikio lake.

Tukisimba kila kitu, si tumemaliza?

Hapana. Usimbaji huficha maneno, haufichi kwamba umezungumza. Vituo viwili au vitatu vya adui vikipima mwelekeo wa wimbi lako, mistari ikikutana kwenye ramani, uko hapo. Hata asipoelewa neno, ataona kituo kimoja kinachozungumza na vingine sita, naye atajua ni makao makuu. Akiona mazungumzo yameongezeka usiku wa manane, atajua asubuhi kuna jambo.

Na misimbo huvunjwa. Wapolandi wakiongozwa na hesabu za Marian Rejewski waliivunja Enigma, mashine ya usimbaji ya Wajerumani, mwaka 1932, na Waingereza wa Bletchley Park, kituo chao cha kuvunja misimbo, wakaendeleza kazi hiyo vita vilipoanza. Tarehe 18 Aprili 1943 ndege ya Admirali Yamamoto wa Japani ilitunguliwa kwa sababu ratiba ya safari yake, ingawa ilikuwa imesimbwa, ilinaswa na kusomwa.

Kinga ni tabia: sema kwa ufupi, tumia nguvu ndogo inayotosha, weka antena mbali na hema la kamanda na uziunganishe kwa waya, weka kilima kati yako na adui, na hama mara kwa mara.

Lugha isiyojulikana na adui inaweza kuwa msimbo?

Iliwahi kuwa, na iliokoa watu wengi. Mwaka 1942 Wanavaho 29, wa kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, waliojiunga na kikosi cha majini cha Marekani walitunga msimbo ndani ya lugha yao. Nyambizi ikawa *besh-lo*, samaki wa chuma. Kifaru kikapewa jina la kobe. Kwa hiyo hata Mnavaho ambaye hakufundishwa msimbo huo asingeelewa kinachosemwa, na Wajapani hawakuuvunja.

Lakini usichukue funzo kwamba kuzungumza kilugha redioni kunatosha. Leo adui ana rekodi, wakalimani na kompyuta, na lugha yenye wasemaji wengi haifichi kitu. Nguvu ya Wanavaho ilikuwa msimbo juu ya lugha, pamoja na nidhamu ya kuutumia.

Adui akiziba masafa yetu, opereta afanye nini?

Kwanza ahakikishe kweli ni adui. Achomoe antena: kelele zikipungua, zinatoka nje, zikibaki, redio yake ndiyo mbovu. Akishajua, asitangaze redioni kwamba amezibwa, maana hilo ndilo jibu ambalo adui anangoja ili ajue mtambo wake unafanya kazi. Ataendelea kuita kwa utulivu, atasogea nyuma ya kilima au jengo litakalokinga upande wa adui, ataelekeza antena, ataongeza nguvu kwa muda mfupi, kisha atahamia masafa ya akiba kwa ishara iliyokubaliwa mapema.

Redio za kisasa huruka kutoka masafa moja hadi mengine, zaidi ya mara 100 kwa sekunde, na anayeziba hajui aelekee wapi. Wazo la kurukaruka hivyo liliandikiwa hataza mwaka 1942 na mwigizaji Hedy Lamarr pamoja na mtunzi wa muziki George Antheil, kwa ajili ya kuongozea topido. Sharti lake ni saa: redio zote ziruke kwa pamoja, na iliyochelewa hubaki peke yake. Wengine wanarudi kwenye njia ya zamani kabisa: vitani Ukraine kuna droni zinazoongozwa kwa uzi mwembamba wa mkonga unaofunguka nyuma yake, ili pasiwe na wimbi la kuzibwa.

Simu binafsi ya askari ina madhara gani? Anaongea na mama yake tu.

Namuelewa mtu anayeuliza hivi, kwa sababu upweke wa mstari wa mbele ni mkubwa. Lakini simu hujitangaza kwenye mnara hata ikiwa mfukoni. Ikiwaka moja haionyeshi kitu. Zikiwaka mia kwenye jengo moja lililokuwa tupu jana, zimeshasema kila kitu. Tarehe 1 Januari 2023 makombora ya Ukraine yaliangukia jengo walilolala askari wa Urusi mjini Makiivka, na wizara ya ulinzi ya Urusi yenyewe ilitaja simu za askari kuwa sababu kuu ya kugunduliwa. Mwaka 2018 ramani ya programu ya mazoezi ya kukimbia, Strava, ilionyesha wazi mizunguko ya askari ndani ya kambi zilizokuwa hazijulikani.

## Mambo yanapoharibika

Mpango wa akiba huwaje?

Njia nne, zikiwa zimeandikwa na kila mtu kuzijua kabla ya kuondoka: kuu, mbadala, ya akiba na ya dharura. Mfano: VHF, kisha setilaiti, kisha masafa mafupi, kisha tarishi. Njia hizo zisitegemee kitu kimoja. Nimeona mipango mizuri kwenye karatasi ambayo njia zote nne zilichajiwa na jenereta moja. Mpango useme pia lini mtu ahame: "usiponipata kwa dakika 15, nenda njia ya pili". Bila hivyo mmoja anahama na mwenzake anabaki, kila mmoja akiita peke yake.

Kuna vita vilivyoharibika kwa sababu ya mawasiliano peke yake?

Peke yake ni nadra, lakini mifano inauma. Mwaka 1940 vifaru vingi vya Ufaransa vilikuwa na silaha na ngozi nzito kuliko vya Ujerumani, ila vingi havikuwa na redio ya maana, na makao ya Jenerali Gamelin, mkuu wa majeshi ya Ufaransa, kwenye ngome ya Vincennes hayakuwa na redio kabisa. Upande wa pili, Guderian, jenerali wa vifaru wa Ujerumani aliyewahi kuwa ofisa wa mawasiliano, alikuwa amesisitiza vifaru viwe na redio. Vikageuka kwa pamoja kama kundi la ndege, wakati vya Ufaransa vikingoja amri iliyoletwa kwa pikipiki.

Septemba 1944 huko Arnhem, Uholanzi, redio za divisheni ya miavuli ya Uingereza hazikufikiana kwenye msitu na majumba. Meja Jenerali Urquhart akaamua kwenda mwenyewe kuwatafuta makamanda wake. Alikwama nyuma ya mstari wa adui, akajificha kwenye dari la nyumba, na kwa zaidi ya siku moja divisheni iliyokuwa ikipigania uhai wake haikuwa na kamanda. Sijui mfano ulio bora kuliko huo wa maana ya kikosi cha mawasiliano.

Amani nayo huhitaji kufikishwa. Vita vya Kwanza vya Dunia vilisimama Ulaya tarehe 11 Novemba 1918, lakini Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, alikuwa porini Rhodesia ya Kaskazini na habari zilimfikia siku kadhaa baadaye. Alisalimisha silaha tarehe 25 Novemba huko Abercorn, leo Mbala, Zambia.

Kikosi kikipoteza mawasiliano kabisa, kinasimama?

Kisisimame. Amri nzuri husema kusudi la kamanda pamoja na hatua zake, ili walio chini waendelee kwa akili zao likitokea lolote. Pia hupangwa mahali na saa za kukutana au kujaribu tena. Kimya cha redio huwa kimeamriwa wakati mwingine, kabla ya shambulio, na askari lazima wajue tofauti kati ya kimya kilichopangwa na kilichowakuta.

Opereta akikaribia kutekwa?

Anafuta funguo za usimbaji kwanza, ambazo redio nyingi za kisasa zina swichi yake, kisha anaharibu karatasi za masafa na majina, kisha redio. Akiwahi kuripoti, aripoti. Kikosi chote hubadili funguo mara moja, hata kama aliyetoweka atarejea baada ya saa moja akisema hakuna kilichoguswa.

## Watu wenyewe

Inahitajika sifa gani? Lazima niwe mtaalamu wa kompyuta?

Ufundi hufundishwa. Kilicho kigumu kufundisha ni utulivu wa sauti. Opereta mmoja akipiga kelele kwa hofu, hofu hiyo inaingia masikioni mwa kila kikosi kwa sekunde moja. Anayesema taratibu, kwa maneno machache, huku risasi zikilia nyuma yake, huwatuliza watu ambao hawajawahi kuuona uso wake. Ongeza kusikiliza vizuri, mwandiko unaosomeka, na moyo wa kukiri "sijapata, sema tena" badala ya kubahatisha.

Wanawake wana nafasi?

Wamekuwamo muda mrefu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1918 wanawake zaidi ya 200 wa kikosi cha mawasiliano cha Marekani waliunganisha simu za jeshi nchini Ufaransa, wakizungumza Kiingereza na Kifaransa, baadhi yao karibu na mstari wa mbele. Waliporudi nyumbani waliambiwa walikuwa raia tu. Walitambuliwa kuwa wastaafu wa jeshi mwaka 1977, wengi wao wakiwa wameshafariki.

Kuna tofauti gani na askari wa mtandao, wale wa kudukua?

Mpaka si mnene, na baadhi ya majeshi yamewaunganisha. Kwa kifupi, mawasiliano hujenga na kulinda njia zetu, vita vya kielektroniki husikiliza na kuziba mawimbi ya adui, na askari wa mtandao huingia au kuzuia kuingiliwa kwenye kompyuta. Lakini tarehe 24 Februari 2022, saa ambazo uvamizi wa Ukraine ulikuwa unaanza, modemu za mtandao wa setilaiti wa KA-SAT zilivamiwa kwa programu haribifu na maelfu zikafa, nyingine zikiwa nje ya Ukraine. Silaha ilikuwa ya mtandao, kilichopigwa ni mawasiliano. Fundi wa redio wa leo lazima ajue vyote viwili, na bado ajue kurusha jiwe juu ya tawi.